Tuletee sahani mbili: niliyowaambia wanaume wa Malaba

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha akiba, hapa Malaba upande wa Uganda. Wengi waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile yalivyotoka mdomoni, sijayapamba.)

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, madereva, mataniboi wasaidizi wao, maajenti wa kliaringi mnaotoa mizigo forodhani, na nyie vijana wa boda mliosimama mlangoni kama watu wasiojua kama wamealikwa, mmealikwa bwana, ingieni. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, yoga kwa ndugu zetu Wateso, na wengine wote hamjambo.

Nimeambiwa niongee kuhusu mikopo lakini mwekahazina ameshamaliza hayo yote na ameyasema vizuri kuliko ningeweza mimi, sasa niacheni niongee jambo ninaloliona kila siku pale hotelini kwangu na sijawahi kusikia mwanaume hata mmoja akilitamka. Sisi wanaume tunaogopa kula pamoja. Sisemi kukaa, kukaa tunakaa, hata kunywa tunakunywa. Nasema kula, mkono wako na mkono wangu kwenye sahani moja na watu wanaona.

Msicheke kwanza.

Wanaingia wanaume wawili, marafiki kabisa, wametoka Mombasa kila mtu na lori lake, wamelala kwenye foleni moja, wamesukumana kwenye matope, wamekopeshana dizeli. Wanachungulia jikoni wanaona ngege mkubwa kwenye mafuta, yule samaki wa kushibisha watu wawili na paka akabakiziwa. Mmoja anasema tuchukue huyu. Weita anauliza, niwawekee sahani moja? Hapo sasa ndio utaona sinema. Mmoja anatoa simu anaiangalia na haijalia. Mwingine anaangalia mlangoni nani ameingia. Halafu anajibu kwa sauti kubwa mpaka meza ya mwisho wasikie, tuletee sahani mbili, mkate samaki katikati! Samaki mzima, mzuri, tunampiga kisu, huyu anapewa kichwa yule mkia, kila mtu anakumbatia kipande chake anakula haraka haraka kama anachelewa basi. Wakija wanawake wawili hawangoji hata kukaa vizuri, hebu nionje mchuzi wako, shika hii ndizi yangu, wanabadilishana wanacheka na wakiondoka hujui nani aliagiza nini. Wakija vijana watano na chipsi zikawekwa katikati, hakuna tatizo, watano ni kundi. Tatizo liko kwa wawili. Wanaume wawili na sahani moja, hapo ndio jasho linatoka.

Na kuku ndio usiseme. Kwetu Uganda firigisi ni ya mwenye nyumba, hiyo kila mtu anaijua, kuna ndoa zimetikisika kwa sababu ya firigisi iliyopotelea jikoni. Sasa weka kuku mzima mbele ya wanaume wawili, mwenye nyumba ni nani? Hakuna anayeigusa. Huyu anamwachia yule, yule anaona akiichukua ataonekana amejifanya bwana, akimpa mwenzake ataonekana anambembeleza, basi firigisi inakaa pale inapoa mafuta yanaganda na mwisho weita anairudisha jikoni, mpishi anakula. Mpishi wangu amenenepa kwa aibu yenu, mnamwona pale.

Kuna atakayeniambia hiyo ndio mila, mwanaume anakula kivyake. Mila ya nani? Nimeishi na watu wa kila kabila kwenye hii barabara na mimi hiyo mila sijaiona. Waacholi wana wang oo, moto wa jioni pale uani, wanaume na vijana wa boma walikuwa wanakaa hapo, chakula kinaletwa kutoka kila nyumba wanakula wote, na mtoto wa kiume alikuwa anajifunza adabu pale pale mkono wake ukiwa karibu na mkono wa babu yake. Baganda walikuwa na omukago, wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu wanachukua tunda la kahawa lenye mbegu mbili ndani, kila mmoja anajichanja, mbegu inapakwa damu, mwenzake anaila, na kuanzia hapo mtoto wako ni mtoto wangu na ukiniharibia umejiharibia mwenyewe. (Damu msijaribu tafadhali, miaka hii tunajua mengi, lakini kahawa mnaweza.) Na ukirudi Acholi, mtu akiua mtu wa ukoo mwingine, baada ya kukiri na malipo kulipwa, kinachofunga ile kesi ni mato oput, watu wa pande mbili wanainama wanakunywa ule mzizi mchungu kutoka kwenye kibuyu kimoja, mbele ya koo zote zinaangalia. Mbele ya watu! Yaani lile jambo zito kuliko yote, la kuuana, wazee waliona haliishi mpaka wanaume wanywe chombo kimoja hadharani. Hata mazungumzo ya Juba mwaka 2007, Serikali ya Uganda na waasi wa LRA walipotia sahihi ule mkataba wa uwajibikaji na maridhiano, mato oput imeandikwa mle kwa jina lake.

Sitaki hata kufika mbali. Hapa hapa Tororo na Teso yote, jioni pita kwenye kilabu cha malwa, pombe yetu ya ulezi. Wanaume kumi, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, maji moto yanaongezwa, wote wanavuta pombe ile ile na tusidanganyane, mrija haujui kurudisha mate. Hakuna anayemfikiria mwenzake lolote. Sasa wale wale, nawajua, mmoja yuko pale nyuma na kofia nyekundu sitamtaja, asubuhi nikimwambia kaa na mwenzako mle hii katogo, ndizi zilizopikwa na mchuzi wake, pamoja ananijibu hapana mzee mimi nakula peke yangu. Jioni chungu kimoja sawa, asubuhi sahani moja hapana!

Na watu wa dini mkae kimya kidogo. Waislamu hapa mnakula sinia, Idi, maulidi, harusi, wanne watano mnazunguka pilau, na Mtume mwenyewe alimfundisha kijana kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake, sasa hilo la kilicho mbele yako lina maana gani kama kila mtu ana sahani yake? Na Wakristo, ile karamu ya mwisho ilikuwa wanaume watupu, na Injili ya Mathayo inasema aliyetia mkono pamoja nami katika kombe. Kombe moja. Kosa la Yuda halikuwa kuchovya, wote walikuwa wanachovya.

Kwa hiyo mila tuiondoe, sio sababu. Nimejiuliza sana hii kitu imeingilia wapi, na nikaona imeingia kwa milango zaidi ya mmoja.

Mlango mkubwa kwetu sisi watu wa barabara ni ugonjwa. Wa umri wangu mnakumbuka. Ile slim, ndivyo tulivyouita UKIMWI, ilianza kuonekana Rakai, kule Kasensero ziwani mwaka 1982, ikapanda na hii barabara, ikachukua madereva kama inawaita kwa orodha. Mjomba wangu alikuwa dereva. Aliporudi nyumbani kuugua, alitengewa sahani yake ya bati, inaoshwa peke yake, inaanikwa peke yake kwenye jiwe, na sisi watoto tuliambiwa tusiiguse. Hakuna aliyemtukana, walimpenda sana, walimlisha vizuri mpaka mwisho. Lakini alikula peke yake akiangalia ukuta na sisi tukiwa tumezunguka sinia letu, na ile sahani ilikuwa imeshasema kila kitu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kusaidia wenye UKIMWI, mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akasimama mbele ya nchi nzima akasema anao, akafariki Desemba ya mwaka huo huo, na ni watu wa namna hiyo waliotufungua macho kwamba virusi vya UKIMWI havipitii kwenye sahani wala kikombe wala mchuzi. Tulielewa kwa kichwa. Ila mkono, naona mkono haukuelewa, bado unakwepa. Na sasa nawaona mnafanya hivyo hivyo kwa mwenye homa ya ini aina ya B, mtu akipimwa akakutwa nayo anapewa kikombe chake, wakati nayo inapita kwa damu, kwa ngono, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa, haipiti kwa kula pamoja, na chanjo ipo, nendeni mkachanjwe badala ya kuficha vikombe.

Kinachopita kwenye chakula ni uchafu wa mikono. Taifodi ya Kampala ya mwaka 2015 haikuuliza kama mlikuwa na sahani moja au mbili, ilikuja na maji machafu na mikono ambayo haijanawa, na ukila peke yako na mkono mchafu utaugua peke yako vile vile. Ebola ni kesi nyingine kabisa, ikitangazwa kama ile ya Mubende mwaka 2022 hapo hatupeani hata mkono, tunasikiliza watu wa afya, hilo halina mjadala na mtu asije kesho akasema mimi nilisema.

Halafu ikaja korona. Jamani, hapa naongea na nyie wenyewe. Mwaka 2020 mlikuwa mnasomwa kwenye taarifa kila siku, madereva wangapi wamekutwa nayo, wangapi wamerudishwa mpakani, mpaka mtu akisikia breki ya trela anafunga dirisha. Foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita upande wa Kenya, mnangoja majibu ya vipimo, na kuna watu walikataa hata kuwauzia maji. Mlikula nini? Mlikula sufuria. Jiko la mkaa pale chini ya trela, posho yaani ugali, maharage, siku nzuri samaki mkavu, na dereva na taniboi wake, na dereva wa lori la nyuma ambaye mkaa umemwishia, wote mkono kwenye sufuria moja. Wiki nzima. Hakuna aliyeomba sahani mbili. Na nyie wenyewe mkija hotelini kwangu ndio mnaanza kukwepana! Watu ni wale wale, njaa ile ile, posho pengine hata ni ya gunia moja. Kilichoongezeka ni macho ya watu.

Basi tuongee kuhusu hayo macho, na sitazunguka. Mnajua tangu mwaka 2023, Bunge lilipopitisha ile sheria ya kupinga ushoga na Rais akaisaini mwezi wa tano, wanaume wamekuwa na wasiwasi wa namna mpya. Mtu anapima kila kitu, nikimshika bega watasemaje, nikimwonjesha nyama watasemaje. Sikuja hapa kuwafundisha sheria, mimi ni muuza chakula, lakini nimeuliza wanaoijua na hakuna kifungu cha sahani mle ndani, hakuna kifungu cha chipsi. Adhabu zake ni nzito mnazijua, zinafika mpaka kunyongwa, na ndio maana neno dogo la mzaha limekuwa kisu. Ukisema kwa utani “hao wawili vipi” kwenye meza ya watu, hujui huyo wa tatu anaipeleka wapi hiyo habari, na kuna watu nawajua deni likiwashinda kulipa wanaanza kumnong'ona anayewadai.

Nilikuwa na vijana wawili wa steji hii hapa, walikuwa wanakuja saa saba wanaagiza kikomando, chapati na maharage, moja kubwa wanakula pamoja. Mmoja alikuwa anaendesha boda ya mtu, akishalipa mwenye pikipiki habaki na kitu, mwenzake ndio alikuwa analipa. Siku moja mtu mzima, mzee kama mimi, akawatupia neno, watu wakacheka, na wao wakacheka, si mnajua kile kicheko. Kesho yake alikuja mmoja tu. Yule mwenye sente. Wa pili nilikuwa namwona amekaa juu ya pikipiki saa saba anaangalia barabara, nikimwita anasema mzee nimeshiba. Mwanaume wa hapa akikwambia ameshiba saa saba mchana mwangalie viatu. Kwa hiyo lile neno la kuchekesha lilikuwa na bei, na aliyelipa ni mwenye njaa. Nilimwambia yule mzee na nawaambia na nyie, hotelini kwangu swali ni moja tu, unakula nini. Na hata huyo mnayemnong'ona, hata kama mnayoyasema yangekuwa kweli, na mara nyingi hamjui lolote, tumbo lake linauma njaa kama lako.

Hapo nimegusa sente, basi nimalizie hilo. Sahani ya peke yako ni kama risiti iliyobandikwa kifuani. Huyu kala ng'ombe, huyu kala maharage, huyu kaagiza posho na mchuzi wa bure, meza nzima imesoma mifuko yenu. Chakula cha katikati kilikuwa kinaficha hiyo aibu, aliyechanga elfu kumi na aliyechanga mbili wote wanachovya mchuzi ule ule. Najua kuna madoezi, nawajua kwa majina na kwa mlio wa pikipiki, wanatokea tu nyama ikishaiva. Ila doezi dawa yake ni kumwambia wazi leo ni zamu yako, hatuwezi kuvunja meza nzima kwa ajili yake.

Sumu mtaniambia. Ndio, watu wanaogopa kuwekewa kitu, na mtu akishapata cheo kidogo tu anatembea na chupa yake ya maji. Lakini fikiri tu, nani salama zaidi, aliyeletewa sahani yake imefunikwa kutoka jikoni asikokujua, au anayekula na mwenzake kutoka chombo kimoja? Mwenye pombe zamani alikuwa anaonja kwanza mbele ya mgeni. Anayekula na wewe ameweka roho yake pale pale ulipoweka yako.

Kuna kitu kingine nimekiona na hiki ndicho kilichonifanya nisimame leo. Wanaume hatuwezi kuongea tukiangaliana usoni. Jaribu kumkalisha mwanaume hapa wewe pale umuulize kaka una shida gani, atakwambia niko sawa. Tunaongea tukiangalia kitu cha katikati, injini iliyofunguliwa, chungu, sinia. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Nimesikia pale hotelini, mimi nikijifanya nahesabu soda, mwanaume anamega posho anamwambia mwenzake bila kuinua macho, mke wangu ameondoka, au tajiri hajanilipa miezi mitatu, au nina damu kwenye mkojo na naogopa kwenda hospitali. Na mwenzake naye hainui macho, anamsogezea mnofu anamwambia kesho tunaenda wote. Haya sijawahi kuyasikia kwenye meza ya sahani mbili. Pale wanaongelea Arsenal na bei ya mafuta, wanalipa, wanaondoka.

Mtu pale ananiuliza na kijiko kimoja je? Hapana bwana! Kijiko kila mtu na chake, sijasema mlishane, kulishana ni kwa bwana harusi na keki yake. Na anayetafuna kucha zake au ana kidonda mkononi atumie uma, hilo nalo ni adabu.

Haya, mama Nakato na wenzake wameshanipungia mkono, chakula kiko tayari, sasa sikilizeni utaratibu. Leo hatujapanga sahani, tumepanga sinia za watu wanne wanne. Maji na sabuni viko pale kwenye mti, vijana wawamwagie wazee kwanza. Kila sinia itakuwa na posho, matoke, ng'ombe aliyechinjwa na sheikh wetu kwa hiyo hakuna wa kukataa kwa sababu ya dini, na mboga ya sukuma. Kuku ni mmoja kwa kila sinia na firigisi mtakatana wenyewe nne, visu vipo, sitaki kuona hata moja imerudi kwa mpishi. Dereva asikae na taniboi wake, mnaonana vya kutosha. Wenye kisukari sinia yenu iko kivulini ina matoke zaidi na posho kidogo. Na kama kuna mtu, kwa sababu zake, anataka sahani yake peke yake, sahani zipo kwenye kabati nyuma yangu, aje aniombe nitampa na hakuna atakayemuuliza. Mwenyekiti, funga mkutano watu wanawe.